Ukungu kwenye Picha za Hyasinti

Hyasinti alikuwa na koti jeupe moja, na koti hilo lilikuwa na maisha mazuri kuliko yeye mwenyewe. Lilifuliwa kila Jumamosi kwa sabuni ya unga, wakati yeye akijisugua na kipande cha sabuni ya mche. Lilipigwa pasi ya mkaa, likatundikwa ukutani mbali na moshi wa jikoni, na ole wake mtoto atakayelipitia karibu akiwa na mkono wa dagaa. Mkewe Kunigunda alikuwa akisema angezaliwa tena angeomba azaliwe koti.

Msimcheke haraka. Mtu aliyefagia kituo cha afya kwa miaka kumi na mmoja ana haki ya kulipenda koti. Kituo chenyewe kilikuwa cha parokia, pale Chimbuya, kijiji kilichobanwa kati ya milima ya Wamatengo na Ziwa Nyasa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mbaha. Hyasinti alishuka huko kutoka mlimani akiwa kijana, akapewa ufagio, na ufagio ukamshika. Angefagia mpaka uzeeni kama si ile miaka ya soko huria, ambapo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini bila kubisha hodi. Iliingia mitumba, zikaingia sabuni zinazonukia matunda ambayo hakuna mtu Chimbuya aliyewahi kuyala, na kule Mbinga wakaingia wanunuzi binafsi wa kahawa na magunia yao wenyewe, mpaka magunia ya chama cha ushirika yakakosa kazi. Na mwaka tisini na tisa, juu ya lori lililoteremka zile kona za mlimani kwa breki na sala, ikaingia mashine ya eksirei, zawadi ya Wakristo wa Ujerumani.

Sista Bonifasia, mkuu wa kituo, akatafuta mtu wa kwenda Songea kujifunza kuiendesha. Wauguzi wakakataa mmoja baada ya mwingine. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba mashine ile inaona hadi ulichokula jana, na hakuna aliyetaka kazi ya kuchungulia matumbo ya majirani. Hyasinti akauliza swali moja tu, kama mwenye kazi hiyo atavaa koti. Akaambiwa ndiyo. Miezi tisa baadaye akarudi Chimbuya akiwa Bwana Eksirei, na watu waliokuwa wakimpita bila salamu wakaanza kumwamkia wakiwa bado mbali.

Alipokuwa Songea, parokia ilijenga jengo la mashine. Utaratibu ulikuwa ule wa siku zote: matofali walifyatua vijana, mawe walibeba akina mama, na kila familia ikachangia bati moja jipya, limeandikwa jina la familia kwa rangi upande wa chini ili wenye nyumba wakumbukwe katika sala. Wajumbe wa halmashauri ya walei, ile ya waumini wanaosimamia mambo ya parokia pamoja na Sista, wakaomba mabati yao yakae mahali pa heshima, juu ya chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, kwa sababu waliambiwa huko ndiko picha inakozaliwa. Mbao za dari zilikuwa hazijafika, kwa hiyo fundi akatandaza juu magunia ya ushirika yaliyochoka, akayapaka rangi nyeusi, akaenda zake. Ilikuwa kiangazi. Mvua ilikuwa mbali, na kila mtu alikuwa na furaha.

Furaha ya Hyasinti ilidumu siku nne. Picha ya kwanza aliyosafisha ilitoka na ukungu, kijivu kimoja kutoka pembe hadi pembe, na ndani yake mbavu za mgonjwa zilionekana kwa shida, mtu angedhani ni miti ya kahawa alfajiri ya Juni. Akapiga ya pili, ikawa vilevile. Akabadilisha dawa, akaosha mabeseni, akaosha mikono mpaka ngozi ikatoka. Ukungu uleule. Daktari aliyekuwa akishuka kutoka Mbinga mara moja kwa mwezi alizishika picha dirishani, akazigeuza chini juu, akauliza kwa upole kama hizi ni mapafu au ni hali ya hewa.

Lilimuuma. Jamani, lilimuuma yule mtu. Filamu zilikuwa zinatoka Dar es Salaam, na kila iliyoharibika ilimfanya Sista Bonifasia anyamaze kwa namna ya kutisha kuliko kelele. Mwisho akamwita, akamwambia bila kuzunguka kwamba parokia ya Liparamba inaiomba mashine. Kama ukungu haujaondoka kufikia Jumapili ya mwisho ya Julai, halmashauri itakaa, mashine itapanda lori, na yeye atarudishiwa ufagio wake. Hilo la ufagio ndilo lililomnyima usingizi. Kote nchini watu walikuwa wakipunguzwa makazini, lakini wao angalau walipunguzwa mbali na macho ya watu. Yeye angepunguzwa mbele ya watu walewale waliomwamkia, akafagie chumba kilekile, na koti lingebaki ukutani likimtazama.

Katika hali hiyo ndipo alipokwenda kwa Mwalimu Shukrani kusikiliza redio. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa Bukoba, amepangiwa kufundisha sayansi sekondari, na redio yake ilikuwa inakamata stesheni za nje. Jioni hiyo mtangazaji akasema jambo lililomfanya Hyasinti ashushe kikombe. Alisema kwa karibu miaka arobaini wataalamu wamekuwa wakiona anga lote lina ukungu wa mionzi ya eksirei, unatoka pande zote sawasawa, usiku na mchana, wala hawajui unatoka wapi.

Habari iliendelea, lakini Hyasinti hakuisikiliza. Alikuwa keshasimama. Ukungu wa eksirei kutoka mbinguni! Basi si dawa yake, si mikono yake, ni anga. Alirudi nyumbani karibu anaruka, na Kunigunda alipomwuliza amekula nini huko, akasema ameshinda kesi.

Aliomba halmashauri iitishwe mapema, ikaitishwa, akasimama na koti lake akatangaza matokeo. Halmashauri ilifurahi kupita alivyotarajia. Wajumbe walipumua kwa pamoja, wakampongeza, na mwenyekiti, Mzee Pankras, ambaye kwa kawaida hakubali hata tarehe mpaka aione kwenye kalenda, alikubali palepale kwamba kosa ni la anga. Mjumbe mmoja aliuliza kama ukungu huo unaweza kuwadhuru dagaa waliopo juani. Mwingine alitaka padri aubariki. Ikaazimiwa iandikwe barua wilayani, isipokuwa ilikosekana idara ya kuiandikia, kwa sababu hakuna aliyejua anga la Chimbuya liko chini ya nani. Mwalimu Shukrani akaitwa ainyooshe lugha.

Mwalimu hakuandika chochote. Aliuliza kwanza kama wana akili timamu, akaomba radhi kwa wazee, kisha akaeleza. Mionzi ile ipo kweli, lakini hewa tunayovuta inaizuia yote huko juu. Ndiyo maana wataalamu wamelazimika kurusha darubini nje ya hewa ili waione. Haijawahi kufika Chimbuya, haijawahi kufika hata Songea. Akamalizia kwa kusema kwamba Bwana Hyasinti angeketi mpaka mwisho wa kipindi asingeitia aibu parokia.

Watoto wa Chimbuya hawahitaji maelezo marefu. Kesho yake Hyasinti alikuwa Bwana Anga. Akipita walitazama juu, wakajikinga vichwa kwa mikono, wakakimbia. Siku ya tatu hata mwanaye Devotha alitazama juu.

Alijifungia na hasira siku mbili, kisha akarudi kwa Mwalimu, kichwa chini, akamwomba amsimulie hicho kipande ambacho hakukisikiliza. Mwalimu alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya. Akamtilia chai, akamsimulia.

"Walifanya mambo mawili tu," alisema. "Walipata jicho kali zaidi, na walitazama sehemu moja kwa muda mrefu bila kuhama. Ukungu ukaachana, wakaona kumbe ni vidoa, vingi mno, kila kimoja peke yake. Kila kidoa ni shimo jeusi huko mbali, linameza vitu na kung'aa likimeza. Macho ya zamani yalikuwa yanavichanganya vyote, ndiyo maana yaliona ukungu. Sasa wanachukua kidoa kimoja kimoja wanakiuliza: wewe wa nani?"

Hyasinti alitembea kurudi nyumbani pole pole. Alikuwa amejifunza Songea kupiga picha, hakuwa amejifunza kuuliza. Kesho yake alianza kuuliza. Alichukua filamu mpya kabisa kutoka kwenye boksi, hakuipeleka kwa mashine, akaisafisha hivyohivyo tupu. Ikatoka na ukungu. Basi mashine haina hatia, akaipigapiga ubavuni kuiomba msamaha. Akasafisha nyingine asubuhi na mapema, ukungu ukawa hafifu. Saa sita mchana ukawa mzito. Siku moja mawingu yalishuka kutoka mlimani yakafunika jua hadi jioni, na filamu ya siku hiyo ikatoka safi kama maji ya mtungi. Alikaa nayo mkononi kwa muda mrefu. Kumbe kweli ulikuwa unatoka juu, ila si juu sana.

Kesho yake saa sita, jua likiwa limewaka, aliingia chumba cha giza, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu apewe chumba kile akaizima ile taa nyekundu isiyodhuru filamu. Kila siku alikuwa akifanya kazi na taa ile, na macho yake yalikuwa yameizoea. Akakaa kwenye kigoda, akasali rozari nzima bila haraka. Kwenye fungu la tatu akaanza kuona kitu. Magunia ya dari yalikuwa yanang'aa. Kidogo sana, kijivu, kote sawasawa, kama ulivyokuwa ukungu wa picha zake. Akapanda meza na kisu, akayakata magunia yakaanguka na vumbi la kahawa ya miaka yote ya ushirika, na alipomaliza kupiga chafya akainua uso.

Nyota. Juu yake palikuwa na nyota tupu, kali, zimejipanga mistari mistari. Alitandaza filamu mezani kwa muda wa Salamu Maria moja, akaisafisha, ikatoka na vidoa vyeusi mia moja na arobaini kasoro vitatu. Alivihesabu mara mbili ili asikosee.

Ilikuwa ni matundu ya misumari. Bati jipya halina matundu ya misumari, hata fundi wa Mbinga anajua hilo. Bati lenye matundu ni bati lililokwisha kuezeka nyumba nyingine. Hyasinti akakumbuka lile swali la wataalamu, akachukua tochi, akamulika kidoa kimoja kimoja. Na majibu yalikuwa yameandikwa kwa rangi, kwa mwandiko mzuri wa katekista. Familia ya Evarist, matundu kumi na moja. Masista, matundu tisa, na alama za kwato. Familia ya Mzee Pankras, matundu thelathini na moja. Mabati kumi na mawili juu ya chumba cha giza, ya wajumbe kumi na mmoja na la mwenye chumba, na hapakuwa na hata moja lililotoka dukani.

La mwenye chumba. Alilimulika la mwisho, juu ya meza yake kabisa, lililokuwa likiitazama kila filamu aliyowahi kuitandaza. Familia ya Hyasinti. Matundu manane, na moja kati yake pana, pale alipokosea msumari kwa mkono wake mwenyewe mwaka alipoezeka jiko.

Alifika nyumbani na koti lenye vumbi, jambo ambalo peke yake lilimfanya Kunigunda asimame. Hakumsalimia. Alikwenda jikoni, akatazama juu, akaona bati la jikoni linavyong'aa. Alipotoka Songea alikuwa amelisifia bati hilo, akasema kweli ana mke anayejua kutunza.

"Mama Devotha," alisema, "nilikuagiza upeleke bati parokiani."

"Nilipeleka. Hukusema lipi." Kunigunda aliendelea kuchambua mboga, kisha mikono ikasimama. "Baba Devotha, nilidhani bati moja la zamani kati ya mapya yote yale haliwezi kudhuru kitu. Nililisugua na jivu mpaka likang'aa. Nililifunika na mkeka nikalipeleka Sista akiwa kwenye sala."

Hyasinti alikaa chini pale pale mlangoni, na hasira aliyokuja nayo ikamtoka bila kupenda, maana aliwaona wote. Alimwona Evarist amelifunika la kwake na shuka. Aliwaona masista wanalipitisha nyuma ya banda la nguruwe. Watu kumi na wawili wamepishana njiani na mabati yaliyosuguliwa jivu, wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, kila mmoja akidhani yeye peke yake ndiye mwizi. Ndiyo maana walilipenda lile kosa la anga. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akakumbuka ufagio, akaacha.

Kwa sababu sasa, afanyeje? Awataje halmashauri mbele ya halmashauri, nao waseme na lako je? Anyamaze, mashine ipande lori? Jumamosi Mzee Pankras alikuja mwenyewe, akakalia kigoda, akapokea shikamoo yake na chai yake, akazungumzia bei ya mihogo. Alikuwa amesikia magunia yamekatwa. Mwisho akasema kwa sauti ya baba kwamba filamu zinazokaa Dar muda mrefu huwa zinaharibika, mtu mwenye busara akisema hivyo kesho hakuna atakayembishia, na stoo ya kituo inahitaji mtunzaji. Mtunza stoo naye huvaa koti, akaongeza. La bluu.

Hyasinti alimsindikiza hadi njiani kwa heshima zote. Usiku mzima alilifikiria hilo koti la bluu, na nasema ukweli, alikaribia kulivaa.

Jumapili baada ya misa ya pili halmashauri ikakaa. Mzee Pankras alifungua kikao kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, akampa Hyasinti nafasi, akamtikisia kichwa kumtia moyo. Hyasinti akasema hana maneno mengi, anawaomba tu wazee waingie chumba cha giza waone chanzo cha ukungu. Hawakutaka. Lakini Sista Bonifasia alikuwa keshasimama, na kumkatalia Sista si jambo dogo, kwa hiyo wakaingia wote kumi na mmoja, wakabanana kati ya mabeseni. Hyasinti akaingia mwisho, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akazima taa.

Kisha macho yakazoea, na shingo zikaanza kuinuka zenyewe.

"Yale manane juu ya meza ni ya kwangu," alisema Hyasinti gizani. "Lile pana nilikosea msumari. Ni bati la jikoni kwetu. Yameharibu picha za wagonjwa ishirini na sita, na mimi ndiye niliyekuwa nalaumu anga. Kama ni kufukuzwa, anzeni na mimi."

Mtu akakohoa. Kisha ikasikika sauti ya Sista Bonifasia, ndogo, ambayo wauguzi wake wasingeitambua, ikisema yale tisa ya kona ni ya banda la nguruwe. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kidogo, maana gizani hakuna anayekuona uso, na hawa ni watu waliozoea kuungama mahali penye giza. Evarist akasema ya kwake. Mwingine akasema ya kwake, akataka kueleza shida za mwaka ule, akaambiwa hapana, taja tu. Wakafika kumi. Wakafika kumi na moja. Katikati ya paa yakabaki matundu thelathini na moja yasiyo na mwenyewe, yanawaka.

Mzee Pankras akasema kwamba joto limezidi, mlango ufunguliwe. Hyasinti hakusogea. Mzee akasema yale ya katikati ni mengi mno, hayawezi kuwa ya familia moja, huenda ni kosa la fundi.

"Mzee, shikamoo," alisema Hyasinti. "Nina tochi."

Halafu ikaja sauti yake, bila uenyekiti wowote ndani yake, ikisema ni la choo.

Jumatatu asubuhi kila mtu Chimbuya alikuwa juu ya paa, ama la kwake akivua bati jipya, ama la kituo akivua la zamani. Safari hii hakuna aliyefunika kitu na mkeka. Kunigunda alishikilia ngazi, akasema jiko litanyeshewa na yeye atapika amevaa lile koti. Barua ya kwenda Liparamba haikuandikwa. Mzee Pankras alikataa kusaidiwa, akapanda na miaka yake sabini kulitoa la kwake kwa mkono wake, na kwenye msumari wa thelathini na moja bati likaachia na yeye akaachia.

Ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza chini ya paa jipya. Alilazwa mbele ya mashine akiguna, Hyasinti akamwambia avute pumzi asitikisike, akakimbia na filamu chumba cha giza saa sita kamili mchana. Aliisafisha, akaisuuza, akaitoa nje ingali inachuruzika, akaiinua kwenye jua. Mbavu zilijipanga zote, nyeupe, kila moja na ukingo wake, na ule wa saba ulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Machozi yalimtoka, na hakujali kama yanadondokea koti.

Mzee Pankras akainua kichwa kidogo kutoka kitandani.

"Vipi, kuna ukungu?" aliuliza.

"Hakuna hata chembe, Mzee," alisema Hyasinti. "Umevunjika vizuri kabisa."